Swichi Iliyo Mbali na Taa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Vidhibiti vya Mbali vya Jeni za Globini

Nafanya kazi kwenye maabara ya damu, Dar es Salaam. Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu wa aina mbili: wazazi wanaosubiri majibu ya watoto wao kwenye benchi la nje, na wanafunzi wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Mzazi huuliza kwa uchungu, mwanafunzi huuliza kwa sababu ya mtihani, lakini wote huishia pale pale. Inakuwaje jeni iwe nzima na isifanye kazi? Inakuwaje mwingine awe amerithi jeni ya selimundu, na asiumwe kama wenzake? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye vipande vya DNA vilivyo mbali na jeni zenyewe.

Globini ni nini, na jeni zake ziko wapi?

Ni protini inayounda himoglobini, ile inayobeba oksijeni na kuipa damu wekundu wake. Molekuli moja ya himoglobini ina minyororo minne ya globini: miwili ya ukoo wa alfa na miwili ya ukoo wa beta. Chembe moja nyekundu ya damu hubeba molekuli kama milioni 270.

Jeni za ukoo wa alfa ziko kwenye kromosomu ya 16. Za ukoo wa beta ziko kwenye kromosomu ya 11, zimepangwa mstari mmoja: epsiloni, gamma mbili, delta, kisha beta. Uangalie vizuri mpangilio huo, maana ndio mpangilio wa umri wetu. Epsiloni hufanya kazi wiki za mwanzo za mimba, gamma hushika zamu kwa muda mwingi uliobaki tumboni, na beta hutawala baada ya kuzaliwa mpaka uzeeni. Delta hutoa kidogo tu.

Kama jeni ya beta ninayo, ina haja gani ya kitu kingine?

Jeni hiyo unayo kwenye ngozi, kwenye jicho, kwenye ini, kila mahali penye seli yenye kiini. Lakini ngozi haitengenezi himoglobini. Kazi hiyo ni ya seli changa zilizo kwenye uboho, zile zitakazokuwa chembe nyekundu, na zikianza huifanya kwa nguvu kiasi kwamba karibu protini yote iliyomo ndani yao huwa himoglobini.

Mlangoni mwa kila jeni pana kipande kifupi cha DNA kiitwacho promota. Hapo ndipo mashine ya kunakili jeni hutua. Promota ya beta ikiachwa peke yake ni dhaifu mno. Inafanana na taa iliyofungwa vizuri darini huku waya wake haujafika kwenye swichi. Kinachoipa nguvu kipo mbali, upande wa pili wa jeni nyingine zote nne.

Hicho kilicho mbali ni nini, na kilijulikanaje?

Wataalamu hukiita LCR. Mimi nakiita eneo kuu la udhibiti. Lina sehemu tano ndogo zilizotawanyika, zinazoandikwa HS1 hadi HS5, na liko nyuma ya jeni ya epsiloni, kuanzia herufi 6,000 hivi hadi zaidi ya 20,000 kutoka hapo. Ninaposema herufi namaanisha zile A, T, G na C ambazo DNA imeandikwa kwazo.

Habari ya kugunduliwa kwake ndiyo naipenda kuliko zote katika somo hili. Mwaka 1983 watafiti wa Mill Hill, London, walitoa taarifa ya mgonjwa wa Kiholanzi mwenye thalasemia, yaani mtu ambaye mwili wake hautengenezi globini ya kutosha. Kwenye kromosomu yake moja kilikuwa kimepotea kipande cha karibu herufi 100,000. Ajabu ni kwamba kipande hicho hakikugusa jeni ya beta. Kiliishia herufi kama 2,500 kabla ya kuifikia. Jeni ilikuwepo nzima, na ukiisoma huoni kosa hata la herufi moja, lakini katika kromosomu hiyo ilikuwa kimya. Basi kilichopotea lazima kiwe na kitu ambacho jeni haiwezi kuishi bila chenyewe.

Wakati huohuo watafiti wengine, akiwemo Dorothy Tuan, walikuwa wakitumia kimeng'enya kinachokata DNA pale tu ilipolegea. Ndani ya kiini, DNA huwa imezungushwa kwenye protini kama uzi kwenye kigurudumu, na uzi uliobana haukatiki kirahisi. Katika seli za damu walikuta sehemu chache zilizo wazi mno, zikikatika kabla ya nyingine zote, nazo zilikuwa nyuma kabisa ya epsiloni, mahali ambapo hakuna jeni hata moja ya globini.

Mwaka 1987 Frank Grosveld na wenzake wakaunganisha mambo hayo mawili. Hapo kabla, ukimpandikizia panya jeni ya beta ya binadamu, ilifanya kazi kwa unyonge, na kwa kutegemea bahati: ikiangukia sehemu nzuri ya kromosomu inafanya, ikiangukia sehemu mbaya inalala. Wao wakaifungasha pamoja na zile sehemu zilizo wazi. Kila nakala ya jeni ikafanya kazi kwa nguvu karibu sawa na jeni ya panya mwenyewe, popote ilipoangukia. Ukiweka nakala mbili unapata maradufu. Tangu siku hiyo hakuna aliyeweza tena kusema kwamba jeni ni ile sehemu inayosomwa tu.

"Mbali" ni mbali kiasi gani?

Wanafunzi huwa nawafanyia hivi. Chukua kamba ya katani na useme kila herufi ni milimita moja. Jeni ya beta, yenye herufi kama 1,600, inakuwa na urefu wa mtu wa kawaida. Promota yake ni shubiri moja tu. Kutoka hapo hadi HS2, iliyo na nguvu zaidi katika zile sehemu tano, ni mita kama 55, zaidi ya nusu ya kiwanja cha mpira. Mwanafunzi mmoja husimama golini ameshika promota, mwingine anavuka katikati ya uwanja na HS2 mkononi, na katikati yao zimelala delta, gamma mbili na epsiloni.

Halafu nawaambia kwamba DNA yote ya seli moja, kwa kipimo hichohicho, ni kamba ya kilomita 6,000. Inatoka Dar es Salaam hadi Muscat na inabaki ya kurudia nusu ya njia. Na yote imeshindiliwa kwenye ukumbi wenye upana wa mita 18 hivi. Hapo wengi hujijibu wenyewe. Kamba ya mita 55 ndani ya ukumbi wa mita 18 haiwezi kulala imenyooka, lazima ijikunje. Na ikijikunja, ncha mbili zilizokuwa mbali zinaweza kugusana.

Kwa hiyo kidhibiti hufika kwenye jeni kwa DNA kujikunja?

Ndiyo. DNA iliyo katikati hutoka nje kama kitanzi, na eneo kuu la udhibiti hukaa bega kwa bega na promota ya jeni iliyo zamuni. Mwaka 2002 kundi la Rotterdam lilionyesha hivyo kwa njia nzuri sana. Walizimwagia seli za panya formalini, dawa ileile tunayohifadhia vinyama maabara ya patholojia, ili kila kinachogusana kigande kama kilivyo. Wakaikata DNA vipande, wakaunga ncha zilizogandiana, kisha wakaangalia nani ameungwa na nani. Katika ini la kijusi cha panya, ambako damu hutengenezwa wakati huo, vidhibiti vya mbali vilikutwa vimeungana na jeni ya beta. Katika ubongo wa panya haohao, DNA ni ileile lakini hapakuwa na kitanzi.

Kinachofunga kitanzi ni protini. GATA1 na TAL1 hushika DNA, KLF1 husimama kwenye promota ya beta, na LDB1 hufanya kazi ya kuunganisha mikono ya pande mbili. Nyingi kati ya hizo hupatikana kwa wingi kwenye seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu, ndiyo maana ini la mtu mzima au ngozi haziwashi jeni hizi.

Pengine jeni huwaka kwanza, kitanzi kikafuata?

Swali zuri, na lilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwaka 2012 maabara ya Gerd Blobel, Philadelphia, ilichukua seli za panya zisizo na GATA1, ambazo hazina kitanzi na jeni yao ya beta imelala. Wakatengeneza protini ya bandia inayoshika promota ya beta kwa upande mmoja na kubeba LDB1 kwa upande mwingine. Kitanzi kikajifunga, jeni ikaamka kwa kiasi kikubwa. Miaka miwili baadaye wakafanya vivyo hivyo kwenye seli za damu za watu wazima, safari hii wakilenga jeni za gamma zilizokwisha kuzimwa, nazo zikawaka. Kwangu mimi hilo linatosha kusema kitanzi ni sababu.

Ila nisikufiche, mambo si mepesi kote. Kwenye panya, eneo lote la udhibiti likiondolewa mahali pake pa asili, utendaji wa jeni hushuka hadi asilimia 1 hadi 4 tu, lakini DNA ya jirani hubaki wazi. Kwa wagonjwa wa thalasemia waliopoteza eneo hilo, DNA ya jirani hujifunga kabisa. Kuwasha jeni na kufungua mlango wa mtaa mzima zinaonekana kuwa kazi mbili.

Kwa nini mtoto mwenye selimundu huzaliwa mzima, akaanza kuugua baada ya miezi kadhaa?

Hili ndilo swali la mama mzazi, na ndilo linaloniumiza kila mara. Mtoto amezaliwa na kilo zake, ananyonya, ananenepa. Ikifika miezi mitano, sita, vidole vinavimba, analia usiku kucha, na majirani wanaanza kusema maneno. Mama anadhani kuna kitu amekosea.

Hajakosea kitu. Mtoto alikuwa analindwa na jeni za gamma. Himoglobini ya tumboni, tunayoiandika HbF, haina mnyororo wa beta kabisa, ina gamma. Kosa la selimundu liko kwenye beta: herufi moja imebadilika, GAG ikawa GTG. Maadamu gamma ndiyo iliyo zamuni, kosa lile halina pa kujitokeza. Tena HbF ina faida ya pili: haiingii kwenye nyuzi ngumu zinazoipinda chembe ikawa kama mundu, bali huzizuia zisijengeke. Janet Watson, daktari wa watoto wa New York, aliliona jambo hili mwaka 1948. Aligundua kwamba damu ya watoto wachanga hutoa mundu chache kuliko ya mama zao, akahisi himoglobini ya kichanga ndiyo inayowakinga.

Ukija maabara nitakuonyesha. Kipimo cha mtoto mchanga mwenye selimundu hutoka kwenye mashine kikiwa na mchoro wa vilele viwili. Cha kwanza ni kirefu, cha F. Cha pili kiko mbali kulia, kidogo kama kilima cha mchwa, cha S, yaani himoglobini ya selimundu. Hakuna A, ile himoglobini ya kawaida ya mtu mzima. Tunaandika "FS", herufi ya kwanza ikiwa ya himoglobini iliyo nyingi. Ukimpima mtoto huyohuyo baada ya mwaka, vilele vimebadilishana ukubwa. Kilichotokea katikati ni kwamba eneo kuu la udhibiti limehama: kitanzi kimeachana na gamma, kimekwenda kwa beta.

Kwa nini lisiwashe zote mbili kwa pamoja?

Lina mkono mmoja, tuseme. Mwaka 1995 kundi la Grosveld na Peter Fraser lilionyesha kwamba kwa wakati mmoja huhudumia jeni moja, likirukaruka kati ya gamma na beta katika kipindi cha mpito. Jeni hizi zinagombania kidhibiti kilekile. Anayeizuia gamma anaipa beta nafasi, na anayeiamsha gamma anaipunguzia beta. Hilo la pili lishike, tutalirudia kwenye matibabu.

Nani huizima gamma?

Protini iitwayo BCL11A ndiyo mkuu wa zoezi. Mwaka 2007 na 2008 tafiti zilizolinganisha watu wenye HbF nyingi na wenye HbF kidogo zilielekeza kidole kwenye kromosomu ya 2, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama. Mwaka 2008 Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, wakapunguza BCL11A kwenye seli za damu na HbF ikapanda. Sasa tunajua inashika promota ya gamma kwenye mfuatano mfupi ulio herufi 115 hivi kabla ya mwanzo wa jeni. Protini nyingine, ZBTB7A, hushika karibu na herufi ya 200.

Na BCL11A yenyewe, je, huwashwa na nini? Na kidhibiti cha mbali chake. Daniel Bauer na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba tofauti kati ya watu haiko kwenye protini, iko kwenye swichi iliyo ndani ya jeni ya BCL11A, herufi 55,000, 58,000 na 62,000 kutoka inapoanzia. Swichi hiyo hutumika katika seli zinazoelekea kuwa chembe nyekundu. Ubongo unaihitaji BCL11A, na seli B za kinga zinaihitaji, lakini huko huwashwa kwa njia nyingine.

Kuna watu wanaobaki na HbF nyingi maisha yote?

Wapo, na sisi wa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika kuwafahamu. Mwaka 1958 Jacob na Raper walichapisha uchunguzi uliofanyika Uganda kuhusu watu ambao gamma zao hazikuzimwa baada ya kuzaliwa. Baadhi yao walikuwa wamerithi pia jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi wa pili. Kwa hesabu za kawaida mtu ambaye kipimo chake hakionyeshi himoglobini A, ila S na F tupu, angetarajiwa kuugua. Hawa walikuwa wakiishi vizuri.

Hali hiyo hutokea kwa njia zaidi ya moja. Wengine wana herufi moja iliyobadilika kwenye promota ya gamma, pale BCL11A au ZBTB7A hushika, hivyo mzuiaji akija hapati pa kushika. Wengine wamepoteza kipande kikubwa chenye delta na beta. Ukidhani hilo ni hasara tupu, subiri: kipande kikitoka, DNA ya ng'ambo husogea, na swichi iliyokuwa mbali huko mbele hujikuta jirani na gamma. Kamba imekatwa katikati na kuungwa, walio mbali wamekuwa majirani.

Mbona selimundu ya Uarabuni husemwa kuwa nyepesi kuliko ya huku kwetu?

Si kila mgonjwa wa huko, lakini msemo una msingi. Jeni ya selimundu hurithiwa pamoja na DNA inayoizunguka, na mazingira hayo yanatofautiana. Aina inayoitwa ya Kiarabu na Kihindi, pamoja na ile ya Senegali, huja na badiliko dogo herufi 158 kabla ya jeni moja ya gamma, na wenye nalo kwa kawaida hubaki na HbF nyingi zaidi. Hiyo ni swichi ya karibu, si ya mbali. Aina iliyoenea Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo huitwa ya Kibantu, nayo haina badiliko hilo.

Oman ni mfano mzuri. Uchunguzi wa wagonjwa wa Oman ulikuta aina tatu kwa pamoja: ya Kiarabu na Kihindi, ya Benin, na ya Kibantu. Msomaji mwenye shangazi Muscat na babu Unguja hahitaji kuelezwa hiyo ya Kibantu ilifikaje. Kwa daktari wa huko maana yake ni kwamba wagonjwa wawili wa selimundu kwenye wodi moja wanaweza kuwa na kosa lilelile la GTG na wakatofautiana sana kwa HbF.

Tanzania imechangia nini katika somo hili?

Mengi kuliko watu wanavyojua. Kliniki ya selimundu ya Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, ilianza kuandikisha wagonjwa kwa ajili ya utafiti mwaka 2004, na maelfu wameandikishwa. Kwa damu yao watafiti waliweza kuuliza kama swichi zilizogunduliwa kwa Wazungu zinafanya kazi hapa pia. BCL11A ilijitokeza. Ikajitokeza na sehemu ya kromosomu ya 6, kati ya jeni mbili, HBS1L na MYB. Mwaka 2015 kazi ya Siana Mtatiro na wenzake ililenga ndani ya swichi ya mbali ya MYB na kuonyesha kuwa tofauti za HbF kwa Watanzania zinaangukia hapohapo. MYB husimamia kasi ya kukomaa kwa seli changa za damu. Swichi zake ziko herufi 70,000 hadi 85,000 hivi kutoka kwenye jeni, mbali kuliko hata ya beta.

Na upande wa alfa?

Mambo ni yaleyale kwa kiasi. Swichi zake kuu ni nne, na yenye nguvu zaidi iko herufi 40,000 hivi nyuma ya jeni ya kwanza ya ukoo huo, ndani ya tumbo la jeni nyingine, NPRL3, isiyohusika na globini kabisa. Wanaozaliwa bila swichi hiyo hupata thalasemia ya alfa ingawa jeni zao za alfa ni nzima. Usichanganye na thalasemia ya alfa iliyoenea pwani yetu: ile hutokana na kupotea kwa jeni yenyewe.

Yale matibabu mapya ya kuhariri jeni yanahusianaje na hizi swichi?

Yanahusiana moja kwa moja. Dawa ya Casgevy iliidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani tarehe 8 Desemba 2023. Wengi hudhani inarekebisha kosa la selimundu. Hailigusi. Madaktari huchukua seli shina za damu za mgonjwa, na kwa CRISPR, mkasi wa kukatia DNA mahali palipochaguliwa, hukata swichi ya BCL11A, ile iliyo kwenye herufi ya 58,000, penye mfuatano ambao GATA1 hushika. Swichi ikiharibika, BCL11A hupungua kwenye seli za damu nyekundu, gamma huachiwa na kuipunguzia beta nafasi, HbF hupanda. Wameikata swichi badala ya jeni ili ubongo na seli za kinga visidhurike. Miaka mingi ya utafiti wa DNA iliyodhaniwa haina kazi imeingia kwenye mkato huo mmoja.

Victoria Gray wa Mississippi alikuwa mgonjwa wa kwanza wa selimundu Marekani kupewa tiba hiyo, mwaka 2019. Miezi 15 baadaye HbF yake ilikuwa zaidi ya asilimia 40. Katika wagonjwa 31 waliofuatiliwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

Siku hiyohiyo ya Desemba iliidhinishwa pia Lyfgenia. Hii huingiza jeni mpya ya beta kwa kubebwa na kirusi kisichoweza tena kuzaliana. Kwa miaka mingi jeni iliyobebwa hivyo ilikuwa ikifika na kunyamaza, mpaka watafiti walipoifungashia vipande vya HS2, HS3 na HS4. Tiba moja inavunja swichi ya mbali, nyingine inasafiri na ya kwake.

Bei niiseme bila kuzunguka: Casgevy ilitangazwa Marekani kwa dola milioni 2.2. Tena mgonjwa hupewa kwanza dawa kali za kusafisha uboho, hukaa hospitali wiki kadhaa, na anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa. Sijui nimwambieje mama wa Mbagala habari hii bila moyo kuniuma, lakini namwambia, kwa sababu ni haki yake kujua kwamba ipo.

Haidroksiurea nayo inakata swichi?

Haikati kitu kwenye DNA kwa namna hiyo. Ni kidonge kinachopunguza kasi ya seli zinazogawanyika kwenye uboho, na seli zinazokomaa chini ya shinikizo hilo hutoka na gamma zaidi. Utafiti wa REACH, uliofanyika Kinshasa, Kilifi, Mbale na Luanda, uliwapa dawa hii watoto 606. HbF ilipanda, na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vikapungua. Huhitaji kusubiri CRISPR ifike ili mtoto wako afaidike na gamma zake. Muulize daktari juu ya kidonge hiki kliniki ijayo.

Jeni ya beta ya mwanangu imesomwa yote, hakuna kosa, lakini damu inaonyesha dalili za thalasemia. Mashine imekosea?

Huenda mashine imesema kweli na swali ndilo lililokuwa finyu. Kusoma jeni ya beta ni kusoma ule urefu wa mtu mmoja kwenye kamba ya kiwanja kizima. Tena kipande kikipotea kwenye kromosomu moja, ile ya pili bado husomeka vizuri na kuficha pengo. Yule mgonjwa wa Kiholanzi angepimwa hivyo leo, angeambiwa hana tatizo. Omba kipimo cha kuhesabu nakala za vipande, kiitwacho MLPA, na uulize kwa jina kama kinagusa eneo la LCR la kromosomu ya 11. Nenda na majibu ya damu ya wazazi wote wawili mkononi, hata kama ni ya zamani, maana mara nyingi ukubwa mdogo wa chembe za baba au mama ndio unaotuonyesha pengo limerithiwa upande gani.